Bi Pimbi na Mizani ya Mwari

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na nyumba, majiko na majirani kama sisi, palikuwa na Bi Pimbi. Mdogo wa mwili, mwepesi wa akili, mzito wa mizigo. Hapo kwenye mizigo msicheke sana, wanangu. Mimi ninayewasimulia, nikienda kulala kwa dada yangu usiku mmoja tu, nabeba nguo za kutosha kuhamia, na mwavuli, na pasi. Na dada yangu pasi anayo.

Basi siku moja Bi Pimbi akapata habari: binti yake Zamda, aliyeolewa ng'ambo ya ziwa, amejifungua mtoto wa kwanza. Na kwao mtoto hatolewi nje mpaka bibi mzaa mama afike ampakate. Bibi asipofika, mtoto na mama yake wanabaki ndani, wanausubiri mlango.

"Uwiii! Nimekuwa bibi!" Bi Pimbi akapiga vigelegele. "Nitakwenda kwa ndege!"

Ndege mwenyewe alikuwa Mwari, yule mwenye mfuko mkubwa chini ya mdomo. Abiria alikaa mfukoni humo, mzigo wake mapajani. Kesho yake asubuhi ndiyo ilikuwa safari ya mwisho. Baada ya hapo Mwari alikuwa anakwenda kulalia mayai, na haruki tena mpaka mvua ziishe.

"Sharti langu ni moja," Mwari alisema. "Abiria na mizigo yake wasizidi kambale mmoja mnene. Huyo ndiye ninayemweza. Vikizidi, vinabaki. Au abiria anabaki."

Bi Pimbi akaanza kufunga mzigo. Akaweka khanga mbili. Akaona haya, bibi gani huyo wa khanga mbili? Akaongeza nyingine, na nyingine, na ya kubadilisha mtoto akimkojolea. Akaongeza mwiko, maana mwiko wa watu haushikiki vizuri. Akaongeza chumvi. Akaongeza na mbuzi ya kukunia nazi, ingawa ng'ambo ya ziwa hakuna mnazi hata mmoja.

"Huwezi kujua," alijiambia.

Neno hilo, wanangu, ndilo lililonijazia mimi kabati mpaka mlango haufungi.

Mara, "Hodi!" Mzee Tembo huyo, kichwa kimeingia, mwili umebaki uani. "Bi Pimbi, nasikia unasafiri. Nisaidie kitu kidogo tu kwa dada yangu. Hakina uzito."

Puuu! Kinu na mchi wake.

Bi Pimbi hajafumba mdomo, "Hodi!" Mama Kiboko, na godoro kichwani. "Shoga, hili sponji tupu. Ni kama umebeba hewa!"

Nyuma yake Bwana Nyati na gunia la unga. "La mwanangu, yuko bweni huko. Anasema ugali wao haushibishi."

Sasa, utamwambiaje Tembo hapana? Ndiye aliyekuwa akimwangushia Bi Pimbi matunda. Mama Kiboko ndiye aliyemwachia njia ya kwendea maji. Nyati hajawahi kumpa kitu, lakini ana pembe.

Bi Pimbi akatabasamu mpaka mashavu yakauma. "Bila wasiwasi, majirani! Ila kesho mvilete wenyewe uwanjani."

Uwanja ulikuwa mwamba bapa kando ya ziwa. Hapo palikuwa na mizani: gogo limelazwa juu ya jiwe, upande mmoja kambale ndani ya kapu, upande wa pili mahali pa abiria. Mwari alikuwa chini majini, ananyoosha mabawa. Wanyama walijaa tele kuaga, hata wasiomjua anayesafiri.

Bi Pimbi akafika mikono mitupu, lakini anatembea kwa shida, mviringo kabisa.

"Jirani, umenenepa!" akasema Tembo.

"Ni furaha hiyo, Mzee." Kisha akapanda juu ya jiwe. "Jamani, tusikilizane! Kuna sharti jipya. Mzigo haupimwi peke yake. Unapimwa pamoja na aliyeutuma. Anapanda kwenye gogo, na kilo zake zinatangazwa kwa sauti, mbele ya kadamnasi!"

Mzee Tembo akakohoa. Tangu mwezi uandame alikuwa akiwaambia watu kwamba amepungua.

"Zinatangazwa... kwa sauti?"

"Kwa sauti kubwa. Karibu, Mzee, tangulia. Wewe ndiye mkubwa wetu."

"Hebu ngoja," Tembo akasema, akikikumbatia kinu kwa mkonga. "Nimekumbuka. Dada yangu kinu anacho. Kizuri kuliko hiki!"

"Na godoro hili lina kunguni," Mama Kiboko akadakia. "Siwezi kukutia aibu ugenini, shoga."

"Mwanangu naye ale anachopikiwa!" Nyati akafoka. "Kwani bweni ni hoteli?"

Bi Pimbi akageukia pembeni, akacheka kwi kwi kwi. Wakubwa wote watatu, kwa maneno matupu!

"Sharti gani hilo?"

Alikuwa Mwari, amepanda kutoka majini, anachuruzika. "Mimi sijaweka sharti kama hilo. Lakini nimelipenda. Tuanze na wewe."

"Mimi? Mimi sina mzigo!"

"Panda."

Bi Pimbi akapanda. Gogo likalia kriiii... KWAA! Upande wake ukapiga mwamba, upande wa pili ukaruka juu, kambale akapaa angani anapinduka, na Mwari, bila hata kufikiri, akaachama.

Gluk!

"Samahani," Mwari akasema. "Mazoea. Lakini sasa kambale yuko tumboni, na mimi nimekuwa mzito. Nikijikaza sana, nitambeba pimbi. Pimbi tu. Aliyevaa kabati zima simwezi."

Jua lilikuwa linapanda. Bi Pimbi akaangalia ng'ambo, akamfikiria Zamda nyuma ya mlango. Akaanza kuvua.

Khanga ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, mwiko ukadondoka, tang! Kifuko cha chumvi kikafuata. Kisha akavuta kitu mgongoni, akavuta tena, ikatoka mbuzi ya nazi.

"Kumbe ndiyo maana ulitembea kwa shida!" Mama Kiboko akapiga kelele.

"Na ulitudanganya!" Tembo akanguruma. Nyati akainamisha pembe.

"Niliwadanganya, Mzee. Niliogopa kusema hapana." Bi Pimbi akalitazama lundo lake, lililomzidi kimo. Midomo ikaanza kumcheza, akaangua kicheko. "Nimewacheka ninyi kwa kinu kimoja, na mimi nimevaa jiko! Nitangazeni, jamani! Kwa sauti!"

Tembo alitaka kuendelea kukasirika, lakini mkonga ukamsaliti: pruuuu! Uwanja mzima ukacheka.

"Nenda, Bibi," Tembo akasema. "Lundo lako nitalirudisha kwako."

"Ahsante, Mzee. Ni kitu kidogo tu. Hakina uzito."

Akaingia mfukoni na khanga moja mwilini, akaangalia nyuma mara nyingi, kwa uchungu, mpaka mbuzi ya nazi ikapotea machoni. Papapapa! Mwari akaruka juu ya ziwa, akatua mlangoni kwa Zamda.

"Hodi!"

"Nani?"

"Bibi yake!"

Mlango ukafunguliwa. Zamda akamtazama mama yake, akachungulia nyuma yake, kushoto, kulia. Hakuamini.

"Mama, mzigo wako uko wapi?"

"Umeulaza huko ndani," Bi Pimbi akasema, akanyoosha mikono yote miwili. "Niletee."

Basi, wanangu, kabla hujaucheka mzigo wa mwenzako, punguza kwanza ulioubeba wewe.