Kamusi na Madirisha Yake

Mkulima hodari hujulikana kwa jasho na mavuno yake. Hakuna aliyewahi kusifiwa kwa kulizunguka duka la majembe. Kamusi alilijua hilo vizuri, maana alikuwa mfasiri, na methali zilimtoka kinywani kama maji ya bomba. Ila zote alizijua za kuwaambia wengine.

Kwa miaka mingi Kamusi alitafsiri vipeperushi vya dawa na maelezo ya kutumia pasi za umeme. Ndoto yake ilikuwa riwaya. Kwa hiyo mhariri wa shirika moja la uchapishaji alipompa sura ya kwanza ya riwaya aitafsiri kwa majaribio ndani ya wiki mbili, alirukaruka sebuleni kama mtoto aliyeahidiwa baiskeli. Mkewe, muuguzi, akamhamishia meza ya chakula chumbani ili apate utulivu.

Kamusi akafungua riwaya, kamusi mbili, barua pepe na ukurasa mweupe wa kuandikia, kila kimoja katika dirisha lake. Madirisha hayo yakalaliana kwenye kompyuta kama nguo za mtumba.

"Mtu atafikiri vipi katika vurugu hii?" akanung'unika. Akaanza kutafuta programu ya kuyapanga madirisha.

Ya kwanza iliyagawa sawasawa, lakini maandishi yakawa madogo kama chawa. Akaifuta. Ya pili iliyasukuma pembeni kila kipanya kilipogusa ukingo. Mojawapo ya zile kamusi mbili ikatokomea, asiione tena mpaka alipozima kompyuta. Programu ya tatu ilimtaka akariri vibonyezo chungu nzima. Akavikariri kwa bidii, akizunguka chumbani huku vidole vikicheza hewani.

"Umefika wapi, Baba Watoto?" mkewe alimuuliza aliporudi kutoka zamu.

"Niko karibu kuanza."

"Hata jana ulikuwa karibu."

"Mke wangu, maandalizi ni nusu ya kazi."

"Haya, tunaisubiri nusu ya pili."

Mama mkwe naye akampigia binti yake simu.

"Mkwe wangu hajambo? Yuko wapi?"

"Hajambo, mama. Yuko chumbani anapanga madirisha."

"Mungu mkubwa! Afadhali amepata kazi ya kueleweka. Mwambie akimaliza aje kwangu, la jikoni halifungi."

Mkewe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kamusi alinuna kutwa nzima.

Hatimaye akaipata programu iliyoukonga moyo wake, ya kujaribu bure kwa siku chache. Ukibonyeza mara moja tu, kila dirisha lilikwenda mahali pake kama askari kwenye gwaride. Akayapanga, akayavuruga kusudi, akayapanga tena kwa raha zake. Wiki mbili zikayeyuka kama barafu juani.

Siku ya miadi mhariri akampigia kwa video.

"Hebu tuoneshe kazi yako."

"Mtandao unasumbua kidogo, mheshimiwa."

"Mimi nakuona vizuri kabisa."

Kamusi akamfungulia skrini yake, akabonyeza. Madirisha yakajipanga, yakapendeza.

"Mpangilio mzuri sana," mhariri alisema. "Tafsiri iko wapi?"

"Hiyo hapo kulia."

"Naona kichwa cha sura na sentensi moja."

"Ndiyo, mheshimiwa. Lakini tazama ilivyokaa!"

Ghafla kisanduku chekundu kikajitokeza katikati. Mhariri akakisoma kwa sauti: "Muda wako wa majaribio umekwisha."

"Hiyo ni programu inasema!" Kamusi akatweta.

"Na sisi tunasema hivyo hivyo," mhariri akajibu, akaaga kwa adabu.

Riwaya akapewa mfasiri mwingine. Mkewe alimkuta ameinamia meza, mnyonge kama kuku aliyenyeshewa. Hakumkaripia. Alimwekea kikombe cha chai, akaketi kitandani na sare yake ya kazi.

"Ile sura bado unayo?"

"Ninayo. Ya nini tena?"

"Nisomee basi, kwa lugha yetu."

Kamusi akaanza kwa kusitasita, kisha ulimi ukafunguka. Mkewe akacheka penye kuchekesha, akanyamaza penye huzuni, na kila sentensi iliyompendeza akamwambia, "Iandike hiyo." Kabla chai haijapoa, ukurasa mzima ulikuwa umejaa.

Kamusi akautazama. Kumbe kazi aliiweza tangu mwanzo, ila fursa ilikuwa imekwishampita akishughulika na zana. Waliosema hawakukosea: mchagua jembe si mkulima.