Sufuria ya Mwasiti

Sufuria ya harusi haiwezi magadi. Ndivyo mama yenu alivyomwambia baba yenu alipotaka kumimina maji ya betri kwenye jagi la wageni, nanyi mmekuja mbio kuniuliza. Haya, kaeni. Msemo huu ulianza hivi.

Hapa Muheza palikuwa na kikundi cha akina mama wa sabuni. Kiongozi wao aliitwa Mwasiti. Mchanganyaji alikuwa Bi Sikudhani, mtu mzima, na ndoo yake nyeusi ya plastiki nene, imechakaa kwa nje hadi inatia aibu. Magadi makali ya sabuni, yale yanayochoma ngozi, aliyayeyushia humo tu.

Siku moja mganga wa zahanati, mama mmoja mpole, akaja kuwatazama kazini. Akiridhika, zahanati itachukua sabuni yao. Asiporidhika, kikundi kinakufa, maana mnunuzi mwingine hawakuwa naye.

Sasa kwetu mgeni hatolewi chombo kibaya. Mwasiti akaificha ile ndoo nyuma ya choo, akatoa sufuria ya alumini aliyopewa na mama yake siku ya harusi. Inang'aa, unajiona meno.

"Mwanangu, hiyo si ya magadi," akasema Bi Sikudhani.

"Bibi, leo tuna mgeni. Tumwonyeshe hilo dude lako?"

"Dude langu halijanichoma miaka sita."

Mwasiti hakusikia. Akatia maji, akamimina magadi. Mara sufuria ikachemka bila moto, povu la kijivu likapanda, mvuke ukakaba koo.

"Nyuma! Nyuma wote!" Bi Sikudhani akamvuta mganga kwa kanga. Povu likamwagika palepale mganga alipokuwa amesimama.

Lilipotulia, sufuria ilikuwa nyeusi, imeliwa, chini nyembamba kama karatasi. Mwasiti akaangua kilio.

"Mama alinipa nipikie pilau!"

"Si ungepikia pilau, mwanangu!"

Wakacheka wote, hata mwenye kulia.

Bi Sikudhani akaifuata ndoo yake, akaisuuza, akaanza upya. Ndoo ikapata joto, basi. Haikutoa hata povu. Mganga akatazama hadi mwisho, kisha akasema, "Anayekijua chombo chake, nitanawia sabuni yake."

Kikundi kikapona. Na Mwasiti mwenyewe ndiye aliyeanza kuwaambia wenzake, kila alipomwona mtu anachagua kitu kwa kung'aa kwake: ni nzuri, shoga, na kwa pilau haina mfano. Lakini sufuria ya harusi haiwezi magadi.