Kidole Kikivuka

Kulikuwa na mtu ambaye mali yake yote ilikuwa pumzi. Jina lake Mwandoe, mtu wa milima ya Taita, na mnajua milima yetu ilivyo: ukitoka mtoni na ndoo unahema kabla hujafika nusu. Yeye hakuhema. Pumzi hiyo ikampa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa mchezo. Msicheke. Hata mimi nilicheka niliposikia mtu mzima, mwenye mke na mtoto, anaaga watu eti anakwenda kazini kucheza.

Mchezo huo ni kabadi, na sheria zake ni chache. Timu mbili, mstari katikati. Mmoja anavuka peke yake kwenda upande wa wapinzani, awaguse, arudi. Muda wote akiwa huko lazima atamke jina la mchezo, kabadi, kabadi, kabadi, kwa pumzi moja, mwamuzi asikie. Akivuta pumzi nyingine ugenini, ametoka. Wakimkamata wakamlaza chini mpaka pumzi ikamwishia, ametoka. Lakini akijiburuza nao, akanyoosha mkono, ncha ya kidole ikavuka mstari wa katikati huku bado anatamka, basi amefika kwao salama. Na wote waliokuwa wamemshika wanatoka uwanjani. Wote. Neno hilo mlishike, nitalirudia.

Mwandoe alijifunza kabadi Mombasa, akaonekana, akachukuliwa kwenda India, ambako watu hujaa viwanjani kuitazama kama sisi tunavyojaa kwenye mpira. Siku ya kuondoka, kanisa zima lilimsindikiza mpaka barabarani, akapewa nafasi ya kusema. Angesema asante akapanda gari, yangekwisha. Yeye akasema, "Nitarudi hapa kifua mbele." Watu wakapiga makofi mpaka vumbi likatimka. Mkewe, Mshai, hakupiga. Alikuwa amembeba mtoto wao Wakesho.

Misimu sita alicheza, na alicheza hasa. Hakuwashinda wenzake kwa nguvu. Sifa yake ilikuwa namna alivyokamatwa. Watu wanne wamemlalia, huyu kifundo cha mguu, yule kiuno, uwanja mzima unasema leo amekwisha, naye anatambaa na mzigo wote huo, kabadi, kabadi, mpaka kidole kinagusa ng'ambo. Mshai alimtazama kwenye simu ya jirani, akipiga kelele, "Nyoosha! Nyoosha mkono!" mpaka maharagwe yakaungua jikoni. Ndivyo mama yule alivyozijua sheria, kwa kuunguza maharagwe.

Msimu wa saba goti likapasuka. Likashonwa, halikukubali. Timu ikamuaga kwa maneno mazuri, kama timu zinavyojua kuaga, na tiketi ya kurudi mkononi. Hakurudi. Alibaki kule akifuta jasho la wengine kwenye mikeka ya mazoezi, amepiga goti kwa lile moja zima, kitambaa mkononi, akijiambia: goti likipona nitarudi, nikipata timu nyingine nitarudi, siwezi kwenda kuchechemea mbele ya watu niliowaambia kifua mbele. Mshai akipiga simu kumuuliza, "U mzima?" yeye anajibu, "Mzima, mzima, mzima," haraka haraka, halafu anakata kabla sauti haijamsaliti. Miaka miwili. Jamani, miaka miwili mtu hajavuta pumzi!

Huku nyumbani watu wakasema ameoa kule. Watu ni watu. Baba yake Mshai, Mzee Mghanga, alivumilia mwaka wa kwanza, akavumilia wa pili, kisha akaja kumchukua binti yake. Mshai akaomba aachwe mpaka avune mahindi. Siku hiyo hiyo akampigia mumewe simu, mchana kweupe, amesimama shambani. "Baba Wakesho, mahindi yakivunwa naondoka. Nimechoka na mzima, mzima."

Hapo siri ikamtoka Mwandoe. Alimwambia yote, goti, kitambaa, mikeka, na ile hotuba yake ya barabarani. Alilia kama mwanamume mzima anavyolia, yaani vibaya. Mshai akasema, "Kumbe ni goti tu? Njoo nalo."

Mahindi yakavunwa. Mzee Mghanga akarudi kama alivyosema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amedanganywa miaka miwili, na ameshawaona wanaume wengi wanaoahidi kuja kesho. Akaweka sharti lake uani, kila mtu akasikia: Mwandoe akivuka kizingiti cha nyumba hii kabla mzigo wa mwisho haujafungwa, yeye Mghanga atakaa anywe chai. Asipovuka, Mshai na Wakesho wanakwenda, na jambo hilo halitazungumzwa tena. Akaanza kufunga godoro, akafunga sufuria, kwa kamba ya mkonge. Waliokuwapo wanasema alifunga polepole sana.

Mwandoe akatokea kwenye njia ya bondeni, na fimbo. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, njia yote tope. Watu wakatoka migombani kumtazama, wale wale wa makofi. Alikuwa akichechemea, naye alijua wanaona anavyochechemea, na uso ulimwaka. Alipofika karibu kabisa na mlango, goti likakataa. Akaanguka kifudifudi, fimbo ikaenda zake. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyesogea. Akajaribu kusimama, maana bado alitaka kuingia kwake kama mwanamume. Akaanguka tena. Mzee Mghanga alikuwa ameshika fundo la mwisho.

Mshai akapiga kelele kutoka mlangoni, "Nyoosha! Nyoosha mkono!"

Na yule mtu, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amesahau kazi yake, akaikumbuka. Akalala pale pale kwenye tope, akanyoosha mkono wake mrefu, na ncha ya kidole ikapita kizingiti, ikagusa sakafu ya nyumba yake.

Mzee Mghanga akasogea, akainama kukitazama kile kidole kichafu. "Huyu bado yuko nje," akasema.

"Ameshafika, Baba," Mshai akajibu. "Kwenye mchezo wao kidole kikivuka, mtu yuko kwao. Fungua kamba."

Mzee akamtazama binti yake, akamtazama mkwewe, akatazama fundo. Kisha akacheka, cheko la mtu aliyesubiri ruhusa ya kucheka siku nyingi, akaanza kufungua. Nawaambieni, hakufungua polepole. Mwandoe alibaki amelala vile vile, shavu kwenye tope, kidole ndani. Akavuta pumzi. Akaishusha. Akavuta nyingine, na nyingine tena, bure, bila mtu kumhesabia. Alisema baadaye hajawahi kupata nafuu kama ile, hata siku za vikombe. Watu wa makofi wakaja wakamwinua, wakagombania nani amshike wapi, na Wakesho akatumwa kuinjika chai.

Sasa mnaniuliza wale waliokuwa wamemshika miaka miwili ni akina nani. Mnawajua: aibu, kiburi, na hofu ya kuchekwa. Wengine mmekuja nao hapa leo, mmekaa nao benchi moja. Nilisema nitalirudia neno, nalo ni hili: kidole kilipovuka, wote walitoka. Hakuwashinda. Hakusimama hata kidogo. Alifika tu, na kufika kwake kukawatoa.

Basi wewe uliyeniambia juzi kwamba utarudi kwako ukishajiweka sawa, nisikilize. Goti limevunjika, nakubali, nimeliona. Mkono nao una nini?