Mlango Haupimwi kwa Ufunguo

Mlango haupimwi kwa ufunguo, hupimwa kwa bega. Mmeisikia methali hii kwa mama aliyekuwa akimkanya binti yake, mkaja kuniuliza kama ni ya maseremala au ya wezi. Si ya hawa wala wale. Ilianza hivi.

Mjini Njombe, juu ya duka la misumari na rangi, palikuwa na chumba cha vijana walioandika programu za kompyuta. Kazi yao kubwa waliiita Ghala. Ghala lilitunza maandishi ya watu. Ukimaliza sehemu unaiweka humo, na ukija kuiharibu baadaye, unairudisha kama ulivyoiweka. Halikuwa na picha za kubonyeza. Uliandika amri kwa maneno, ukabonyeza enta, likatii. Ukitaka ukurasa mmoja uliandika "rudisha" pamoja na jina la ukurasa. Ukisahau jina, Ghala lilikataa, likakuandikia: Taja jina.

Chumbani mle palikuwa na sheria. Badiliko lolote la Ghala halikutoka mpaka mtu wa pili alikague, aandike chini yake "Imepita" na jina lake. Mkaguzi aliyeaminiwa kuliko wote alikuwa Yustina Mgaya, mwanakwaya, mtu wa maneno machache. Yustina akisema imepita, wenzake hawakuuliza tena.

Ijumaa moja ya baridi kali, ukungu umemeza hata mnara wa kanisa, Lutengano alimletea badiliko alilolitengeneza.

"Watu wananilalamikia kwamba Ghala lina ubishi," alisema. "Nimeliondolea. Sasa ukiandika 'rudisha' peke yake halikuulizi kitu. Linarudisha kurasa zote kama zilivyowekwa mara ya mwisho."

Yustina akaisoma kazi ile mstari kwa mstari. Ilikuwa safi. Akaandika amri na jina, ukurasa ukarudi. Akaandika amri bila jina, zikarudi zote. Kila kilichoahidiwa kilitimia. Hata hivyo kitu kilimgusa moyoni, kama mtu anayekumbuka njiani kwamba ameacha chungu motoni.

"Na mtu akisahau tu jina? Akawa hakukusudia zote?"

"Asahau nani, dada? Maelekezo si yapo?" Lutengano akacheka. "Wewe ungewekwa mlangoni kwa Mungu, mbinguni tusingeingia hata mmoja."

Yustina naye akacheka. Mazoezi ya kwaya yalikuwa yameshaanza. Akaandika: Imepita. Yustina. Akavaa koti lake akatoka.

Yaliyofuata aliyasikia kwa kinywa cha Mwinjilisti Erasto, siku mzee huyo alipopanda ngazi za duka lile, kompyuta yake kaifunga ndani ya sweta, viatu vyake vina udongo mwekundu ambao haukuwa wa barabarani.

Kijijini kwao, juu milimani, aliishi Bibi Nsigala, mgonjwa wa kifua. Yeye ndiye mtu pekee aliyebaki akiyajua maneno ya maziko ya ukoo wao, maneno ya kumkabidhi marehemu kwa Mungu, yanayosemwa kwa utaratibu tangu kizingitini mpaka kaburini. Wenzake wote walioyajua walikuwa wamezikwa nayo. Bibi alikuwa na ombi moja tu duniani, naye azikwe nayo. Erasto akaahidi kuyaandika na kuyasoma siku hiyo.

Kurekodiwa kwa simu alikataa. "Maiti asemeshwe kwenye maziko yake mwenyewe?" alisema. "Waombolezaji watakimbia wakuachie jeneza, Erasto." Na akaweka sharti la pili, kwamba maneno yale hayakatwi katikati. "Usiyaweke ghalani nusu nusu. Msiba hauwekwi kiporo."

Basi Erasto akaweka Ghalani ratiba ya ibada, na kurasa za bibi zikiwa na vichwa tu. Maneno yenyewe akawa anayaandika chini ya vile vichwa siku baada ya siku, akingoja la mwisho ndipo ayaweke yote kwa pamoja. Alikuwa mzee wa kusahau. Mara nyingi aliandika "rudisha" akaacha jina, Ghala likamkatalia, naye akaliitikia kwa sauti, "Ahsante, mama mkwe." Bibi kitandani alicheka mpaka akakohoa. Kisha siku moja Erasto alishuka sokoni, kompyuta ikapata mtandao, na badiliko likaingia bila kubisha hodi.

Bibi Nsigala alilitamka neno la mwisho asubuhi, akaomba maji, na jua halijafika utosini akawa amekata roho.

Erasto aliketi kuandaa maziko, maneno ya bibi hajayaweka bado Ghalani. Mkono wake ukateleza, ukafuta mistari ya ratiba. Akataka kuurudisha ukurasa ule mmoja. Akaandika "rudisha", akabonyeza enta, akili yake iko kwa marehemu, akangoja karipio lake la siku zote.

Ghala likaandika: Tayari.

Akafungua kurasa za bibi. Vichwa vilikuwepo. Chini ya vichwa hapakuwa na neno.

"Uliandika amri bila jina, mzee," Lutengano alisema polepole, kule chumbani juu ya duka, baada ya kuhangaika na kompyuta ile mpaka adhana ya alasiri ikasikika, asipate kitu.

"Siku zote nilikuwa nasahau, mwanangu. Lilikuwa likinikatalia."

"Na maziko?" Yustina akauliza. "Mlizikaje?"

"Nilisema niliyoyakumbuka. Tulipofika kwenye wembamba wa njia, pale panapotakiwa neno la kuwaaga majirani, likanipotea. Wabebaji wakasimama, jeneza mabegani, wakinitazama. Nikangoja linijie." Mzee akafumba macho. "Halikuja. Tukamzika kimya, kama mtu asiye na kwao."

Kwenye kioo cha kompyuta badiliko lilikuwa limefunguliwa. Chini yake palisomeka: Imepita. Yustina.

"Kosa ni langu," Lutengano akasema. "Mimi ndiye niliyeliandika."

"Wewe uliandika. Mimi nilisema limepita." Yustina aliinuka, akapiga magoti mbele ya mzee. "Baba, mkaguzi ni mimi."

Erasto hakugomba. Laiti angegomba. "Ulilijaribu, binti yangu?"

"Nililijaribu, baba. Nilikuja kama mwenye nyumba aletaye ufunguo wake. Nikafungua, nikafunga, nikasema mlango ni imara. Sikuuegemea hata kwa bega."

"Mimi ndiye niliyeuegemea," mzee akasema. Akaichukua kompyuta yake, akaifunga tena ndani ya sweta kama anayefunika mtoto, akashuka ngazi.

Siku ile ile Yustina na Lutengano walilirudishia Ghala ubishi wake. Ndipo Yustina alipoona kwamba kukataa kule kulikuwa rehema. Lakini rehema iliyorudi haikumfikia bibi. Yustina alipanda milimani mara nyingi, akaketi na Erasto, wakakusanya neno hapa na neno pale. La wembamba wa njia halikupatikana. Mpaka leo, wakizika kule, wabebaji wakifika pale husimama kimya kidogo, kisha huendelea.

Yustina hakuacha ukaguzi. Ila kijana yeyote aliyemletea kazi na kusema, "Dada, nimeijaribu, inafanya kazi," alimrudishia. "Umeijaribu kama unayejua," alimwambia. "Nenda kaijaribu kama mzee mwenye msiba." Na kwa sababu kusimulia habari ile kulimuumiza, akaikata, yakabaki maneno ya mlango, ufunguo na bega. Wenye duka chini wakaichukua, sokoni wakaipokea, hata ikawafika akina mama na mabinti zao.

Mlango haupimwi kwa ufunguo, hupimwa kwa bega.