Kijino na Kiti cha Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilala vitandani na kubisha hodi kabla ya kuingia, pimbi wawili, mama na binti yake, walikaa kwenye nyumba ya mawe juu ya mto. Kombo, toa kidole mdomoni! Hadithi hii ni ya meno, na wewe ndiye unayeihitaji kuliko wote.

Binti alipewa jina zuri na bibi yake, lakini hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Kijino. Meno yake ya utoto yalipotoka, mapya yalikuja yakigombana. Moja lilikaa mbele, jingine likalilalia ubavuni, kama watoto wawili kwenye kiti kimoja. Wenzake wakamcheka. Kijino akawatolea meno hayo hayo, nyeee! Akaendelea kucheza.

Aliyeumia ni mama yake. Na mama mwenyewe, ungemtazama vizuri, alikuwa na meno kama hayo. Ila usingeyaona, maana kila akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Alianza tangu usichana wake, na alifanya hivyo hata akiwa peke yake jikoni.

Sasa, mto ule ulikuwa na kivuko kimoja tu, na mwenye kivuko alikuwa Mzee Mamba. Kiangazi kikiingia, majani ya upande huu yalikauka yote. Ng'ambo kulikuwa na majani mabichi. Usipovuka, unakufa njaa. Na kuvuka ni mpaka Mamba aseme pita.

Mamba akaweka desturi yake, akaiita Siku ya Kukenua. Kila mtoto aliyeota meno mapya alisimama mbele yake akakenua. Yakiwa yamenyooka, pita. Yakiwa yamepinda, kaa kwenye kiti cha Fisi.

Kiti chenyewe kilikuwa jiwe. Nyuma yake alisimama Fisi na koleo lake. "Limepinda? Dawa yake kung'oa!" Kwa! Jino chini. Na hakung'oa moja. Akishaanza, hakuacha kitu mdomoni.

Mnauliza alipata faida gani? Tumieni akili basi. Mtoto asiye na meno atakata majani na nini? Anakonda. Anachoka. Wenzake wakitembea, yeye anabaki nyuma. Na huko nyuma anayesubiri ni nani? Eeh, huyo huyo. Mtoto wa Digidigi alikalia kile kiti mwaka uliopita, hakurudi nyumbani tena, na Fisi ndiye aliyetangulia kwenda kuwapa pole wazazi wake. Mnafiki mkubwa yule!

Basi Siku ya Kukenua ikawa inakaribia.

"Mwanangu," mama akasema, "labda ukiomba kwa adabu Fisi atakung'oa hayo mawili tu."

"Sing'oi."

"Kijino..."

"Sing'oi, mama! Meno haya yanakata majani, yanakata mizizi, hayajamkosea mtu. Kosa lao ni kukaa upande tu!"

"Utafia upande huu kwa njaa."

"Sifi. Na sing'oi."

Mama akakaa chini akalia, na kulia kwenyewe alilia na kiganja mdomoni. Kijino akamwona, moyo ukamuuma, lakini hakurudisha neno lake nyuma.

"Nani anapiga kelele chini ya nyumba yangu?" sauti ikauliza kutoka darini. Alikuwa Bi Buibui, fundi wa nyuzi, mpangaji wao tangu mawe yale yalipopangwa. "Nimesikia yote. Hebu kenua, mjukuu wangu."

Kijino akakenua. Bi Buibui akashuka, zwiii, akaingia mdomoni, akagonga hapa, akasukuma pale, ko ko ko.

"Hili si la kung'oa, ni la kusogeza," akasema. "Jino halikujengewa kwa saruji. Ukilivuta kidogo kidogo bila kuliachia, linakwenda. Nitafunga uzi hapa, niuvute mpaka pale, na kila mwezi ukiandama nakaza. Siku ya kukaza litauma, utakunywa uji."

"Litanyooka lini?"

"Wewe ni mtoto, mfupa wako bado laini. Mvua zikija na kwisha, litakuwa limekaa mahali pake."

"Lakini Siku ya Kukenua ni keshokutwa!"

"Basi utakwenda nalo lilivyo. Mimi fundi, si mchawi."

Kijino akafikiri. "Na mtu mzima je? Ananyooka?"

Mama akainua kichwa upesi, kisha akakiinamisha tena. Bi Buibui ana macho manane, alimwona.

"Mtu mzima naye ananyooka," akajibu polepole. "Anachukua muda zaidi, tofauti ni hiyo tu. Wapo wakubwa wanaoona haya kuonekana na nyuzi. Hao nawatengenezea kofia za nta, nyembamba, wanayavisha meno, wakila wanazivua. Naiminya nta ikiwa laini, nawavisha, wanakaa kivulini mpaka igande. Kivulini, nasema! Siku moja Kindi alipita juani njiani kwenda kwake, akafika kofia imemchuruzika kidevuni."

 Kijino akaanza kucheka peke yake.

"Bi Buibui, keshokutwa una kazi?"

"Kazi gani?"

"Njoo nikunong'oneze. Mama, na wewe sogea. Na nta tunayo?"

Siku ikafika. Kivukoni watu walijaa, wazazi hawana raha, watoto wamejipanga mstari. Mzee Mamba amejinyoosha mchangani kama gogo, Fisi kando yake anajaribu koleo. Kwa! Kwa!

Mtoto wa Swala akakenua. "Pita!"

Mtoto wa Ngiri akakenua. Meno yametoka nje, moja kulia, moja kushoto. "Kiti!" Mtoto akaangua kilio. Baba yake, mzima na nguvu zake, akatazama chini.

"Ngoja kwanza!" Kijino akaruka mstari wote, akatua mbele. "Shikamoo, Mzee Mamba."

"Marahaba. Una haraka gani? Kenua."

Kijino akakenua kwa nguvu zake zote mpaka macho yakafumba. Nyuzi za Bi Buibui zikang'aa juani. Watu wakasema, "Haaa!"

"Nini hicho?" Mamba akauliza.

"Ni jino, mzee. Liko safarini, halijafika."

"Uchafu!" Fisi akadakia. "Limepinda! Kwenye kiti, kwenye kiti!"

"Sikai," Kijino akasema.

 Neno hilo halijawahi kusemwa pale.

"Umesemaje?" Mamba akauliza.

"Nimesema sikai. Desturi yako inasema aliyepinda meno ang'olewe. Haikusema watoto peke yao. Basi leo tuanze na wakubwa. Bwana Fisi, mkague Mzee Mamba."

Lo! Mama Pimbi akakumbatia kikapu chake. Maana Mamba mnamjua. Hata akifunga mdomo meno yako nje, hili linatazama juu, hili linatazama chini, lile linaelekea kwao. Kila mtu alikuwa anayaona na hakuna aliyewahi kuyataja.

Fisi jasho likamtoka. "Meno ya mzee ni... ni mazuri sana."

"Sikuuliza uzuri. Yamenyooka?"

"Yana... yana mnyooko wake."

"Basi na ya mtoto wa Ngiri yana mnyooko wake. Apite! Au yamepinda? Kama yamepinda, koleo unalo, na mzee huyo hapo mbele yako. Mng'oe!"

Fisi akatazama koleo. Akatazama mdomo wa Mamba. Akameza mate, gudu.

Mamba akageuza kichwa taratibu. "Fisi. Unafikiria?"

"Hapana, mzee! Sifikirii! Mimi sijawahi kufikiri!"

Huko nyuma mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

Kijino akalainisha sauti. "Mzee, usimlaumu. Yeye kajifunza kung'oa tu. Lakini yuko fundi anayenyoosha, hang'oi kitu. Na si watoto tu. Ananyoosha hata watu wazima, hata wazee wenye heshima zao."

 Mamba akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Hata yakiwa mengi?"

"Hata yakiwa mengi."

Nakwambieni, hata jitu lile lilikuwa na haya zake. Lakini msianze kumhurumia. Mwenye haya zake hana ruhusa ya kung'oa watoto wa wenzake!

"Ila tumjaribu kwanza mtu mzima mwingine," Kijino akasema, "usije ukaumizwa bure, mzee."

"Fisi," Mamba akasema. "Kaa kwenye kiti."

"Mzee, mimi yangu mbona..."

"KITI!"

Fisi akakaa kwenye kiti chake mwenyewe. Bi Buibui akatoka nyuma ya sikio la Kijino. "Uma meno, bwana. Uma vizuri, nisikosee kipimo." Fisi akauma. Zwi zwi zwi! Juu chini, juu chini, akazungusha pua, akapita kidevuni, akarudi, akafunga fundo. Fisi alipokumbuka kufungua mdomo, mdomo haufunguki.

"Mmmh!"

"Anasemaje?" Mamba akauliza.

"Anasema haiumi, mzee."

"Mmmh! Mmmh!"

"Anasema anashukuru sana."

Fisi akaruka, akashika taya kwa mikono miwili, koleo likamponyoka. Kijino akalipiga teke, chubwi! Kwenye kina. Mpaka leo liko huko.

"Zamu yangu," Mamba akasema. "Lakini nyuzi sitaki. Mimi ni mkubwa hapa."

"Wewe ni wa nta, mzee. Haionekani kabisa."

Mama Pimbi akaja na kikapu cha nta.  "Panua, mzee. Panua zaidi." Akaingiza mkono katikati ya meno yale yaliyowatisha wazazi wote waliosimama pale, akaminya nta, jino kwa jino, mpaka la mwisho.

"Sasa sikiliza vizuri," Kijino akasema. "Usifunge mdomo mpaka igande. Ukifunga kabla, meno yatabaki hivyo hivyo maisha, na hakuna fundi atakayeyaweza tena. Lala hapa hapa mchangani, jua likupige vizuri."

"Haaa?" Mamba akauliza, mdomo wazi.

"Hapo hapo, mzee. Na usitikisike."

Haya, niambieni, nta ikikaa juani inafanyaje? Eeh! Hata Kombo anajua. Lakini Mamba kakulia majini, nta angeijulia wapi? Akatulia mdomo wazi, jua likawaka, nta ikazidi kulainika, naye akazidi kungoja.

Kijino akageuka. "Mnasubiri nini? Vukeni!"

Wakavuka. Na si kwa kunyatia! Kila mtoto alipofika mbele ya Mamba alisimama kama desturi inavyotaka, akamkenulia meno yake, ya mbele, ya upande, yaliyopandana, nyeee! Na Mamba angesema "Kiti!" kwa mdomo gani? "Haaa," akasema. "Haaa." Mtoto wa Ngiri alirudi akakenua mara mbili, baba yake akampigia makofi.

Fisi alikaa kwa njaa mpaka nyuzi zilipooza zenyewe. Mwenzake Mamba hata leo ukipita mtoni utamkuta mchangani, mdomo wazi, anangoja nta igande. Hakuna aliyemwambia, na mimi simwambii.

Ng'ambo ile wakala majani mabichi. Mtoto wa Ngiri aliulizwa kama anataka nyuzi, akasema, "Sitaki, mimi nayapenda hivi hivi," na hakuna aliyembishia. Kijino aliendelea na zake. Mwezi ukiandama, uzi unakazwa, analalamika, anakunywa uji. Mvua zikaja wakarudi nyumbani, mvua zikaisha, na jino likakaa mahali pake. Bi Buibui akamtolea nyuzi, akampa kofia ndogo ya nta ya kulalia. "Jino lina ukaidi kama wewe," akamwambia. "Usipolilinda litarudi lilikotoka."

Alipokuwa anakusanya nyuzi zake apande darini kwake, Mama Pimbi akamwita. Kiganja kiko mdomoni.

"Bi Buibui... mimi nimeshachelewa?"

"Kenua nione."

Mama akasita. Akamtazama binti yake. Kisha akashusha mkono, akakenua, na Kijino, aliyezaliwa na kulelewa na mama huyo, ndiyo kwanza akayaona meno yake.

"Hujachelewa," Bi Buibui akasema. "Itachukua muda tu. Nikufanyie nta, isionekane?"

"Uzi," Mama akajibu. "Na uwe wa kung'aa. Nataka wauone."

Siku ile jioni alikuwa anakanda unga, Kijino akamwigizia Fisi kwenye kiti, "Mmmh! Mmmh!" Mama akacheka mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza, mikono yote miwili imo ndani ya unga, wala hakuitoa.

Mimi hapo ndipo nilipowaacha, wanacheka. Na ninyi shikeni hili: asiyekupenda atakwambia ung'oe kilicho chako kwa sababu tu hakijakaa anavyotaka yeye, basi mwambie hukai kwenye kiti chake.