Walinzi wa Makaburi

Mtu mmoja, jina lake Makange, alikuwa na wana wengi na mashamba mapana, na hapakuwa na jirani aliyethubutu kumchezea. Mbali sana, ng'ambo ya nyika, alikuwa na rafiki aitwaye Semkiwa. Walichanjiana chale ujanani, wakawa ndugu wa damu.

Semkiwa huyo alikorofishana na mdogo wake juu ya shamba la marehemu baba yao. Alilichukua lote. Mdogo mtu akaingia porini, akawa anatoka mahindi yakikomaa, anavuna, anachoma ghala, anarudi porini. Semkiwa akatuma ujumbe kwa Makange kwamba ana mwizi.

Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Makange aliijua sana methali hiyo, hata wanawe aliwafundisha. Lakini mtu mwenye nguvu huona methali ni za wanyonge. Akamtuma Kilango, kifungua mimba wake. Si kupigana, jamani. Kuelekeza tu namna ya kulinda shamba. Ila mtu haelekezi mikono mitupu, basi akapewa upinde. Mshale ukamkuta kijitoni, akazikwa kule kule.

Sasa, kwa ukoo wa Makange, kaburi la ugenini haliachwi bila ndugu karibu, maiti asije akajiona ametupwa. Makange akatuma wanawe wawili wakalilinde la Kilango. Walinzi wa kaburi nao wana matumbo, hivyo wakalinda shamba wapate kula. Ukilinda shamba, lazima umfuate mwizi porini. Wakamfuata, na mmoja hakurudi. Makaburi yakawa mawili. Makange akaongeza walinzi, na kila walipoongezeka walinzi, makaburi nayo yakaongezeka. Huku nyumbani magugu yalifika kiunoni, na mama Kilango alipanda juu ya paa mwenyewe kuezeka nyasi. Alimsihi mumewe awaite waliobaki. Makange alijibu kwamba akiwaita, waliokufa watakuwa wamekufa bure. Mama wa watu akaendelea kuezeka.

Mwishowe Makange akaenda mwenyewe, pamoja na Mdoe, mwanawe wa mwisho aliyesalia nyumbani. Alimkuta Semkiwa amekaa barazani, amenawiri, anasifu ushujaa wa vijana. Alipokuwa akinawa mikono ale, akamwona mama mzazi wa Semkiwa anatoka jikoni na chungu kichwani, mchana kweupe, anaelekea porini. Hakuna aliyemzuia. Makange akamfuata, akamuuliza anakwenda wapi. Bibi kizee hakutua hata chungu.

"Nampelekea mwanangu chakula, baba. Huyu wa barazani nimemzaa mimi, na yule wa porini nimemzaa mimi. Siku wakichoka watakula chungu kimoja, lakini wanao nani atawafufua?"

Makange alikwenda makaburini akalia mpaka sauti ikamkauka. Alielewa kila neno, tusimsingizie ujinga. Aliona njia ya kurudi kwao, wala haikuwa imezibwa. Wanawe waliokuwa hai walikuja wakasimama kando yake, wamekonda, wakimngoja aseme neno moja tu wafunge mizigo.

Akatazama vile vilima vya udongo, akaona haya kuvipa kisogo. Alivua upinde wake begani, akamkabidhi Mdoe, akamwambia akae na ndugu zake. Kisha akarudi nyumbani peke yake.

Basi niambieni, ninyi mliojaliwa wana: siku Mdoe atakapolazwa pale na wenzake, Makange atamtuma nani akalilinde kaburi lake?