Viroboto wa Mkeka wa Wageni

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nyumba, mbwa mlangoni, paka mekoni, na wageni wasioalikwa! Sogeeni. Na wewe unayejikuna hapo nyuma, ngoja kwanza, hadithi haijafika huko.

Hapo zamani za kale, huko mlimani kwenye migomba, aliishi mjane aitwaye Nakijwa. Alikuwa na binti yake, Namkunda, na mbwa aitwaye Tutaonana, na paka aitwaye Pilipili. Mbwa alifukuza nyani shambani, paka alifukuza panya ghalani, na maisha yakaenda.

Sasa sikilizeni, kijiji kile kilikuwa na mambo yake. Mshenga akija kuposa, huketishwa kwenye mkeka wa wageni. Akiinuka kabla hajatamka neno la posa, basi, posa imekufa. Hupewa nafasi tatu; ya nne haipo. Na huo mkeka wenyewe, mh! Wenyeji hawaukalii, hawaufagii, wala hawaukunjui mpaka mgeni avuke kizingiti. Ni mwiko wa bibi na bibi wa bibi.

Namkunda alimpenda Mbonea, Mbonea akampenda Namkunda, mpaka kijiji kizima kikachoka kuwasikia. Mbonea akamtuma mjomba wake, Mzee Mrutu. Mzee akaja, akakunjuliwa mkeka, akaketi, akakohoa.

"Tumekuja... uwiii!"

Akaruka juu akijikuna mapaja, akatoka mbio bila kuaga. Na kutoka chini, visauti vidogo vikaimba:

"Choma! Ruka! Cheka! Nyumba hii yetu!"

Viroboto! Nakijwa alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamgeukia mbwa.

"Ni wewe, Tutaonana! Umeniaibisha mbele za watu!"

"Mama, mimi nami naumwa tu..."

"Nyamaza!" Akamkamata, akamwosha kwa maji ya mwarobaini, akamsugua, mpaka mbwa akanuka dawa kijiji kizima. Akaukunja mkeka wake vizuri, akaurudisha pembeni, akatulia.

Mzee Mrutu akaja mara ya pili. Akaketi, akauma meno.

"Tumekuja ku... ku... kuo... uwiii!"

Huyoo, mbio! "Choma! Ruka! Cheka! Nyumba hii yetu!"

Nakijwa akashika ufagio. "Tokeni! Wote wawili! Mbwa nje, paka nje, sitaki kuwaona!" Tutaonana akaondoka mkia katikati ya miguu. Pilipili akapanda juu ya ua, akakaa huko akimtazama.

Jamani, hapo ndipo balaa lilipoanza. Kiroboto akimkosa mbwa hafungi safari, anamgeukia mwenye nyumba! Nakijwa akajikuna akipika, akajikuna akilima, akajikuna akisali. Namkunda akalia machozi.

"Mama, Mzee Mrutu anakuja leo. Akiinuka tena, mimi nitaolewa na nani? Na jongoo?"

Nakijwa moyo ulimuuma kuliko viroboto wote. Ndipo Pilipili akasema kutoka juu ya ua:

"Mama, viroboto kwetu wanakuja kula tu. Kulala wanalala kwako."

"Kwangu wapi? Nafagia kila siku!"

"Unafagia kila mahali ila pale ninapojilaza mchana. Ndani ya mkeka wa wageni. Mayai yao yamo humo, na kwenye vumbi lililo chini yake."

Nakijwa akashika kichwa. Kuukunjua mkeka bila mgeni? Bibi atageuka kaburini! Akatazama nje, na tazama, Mzee Mrutu huyo anapanda mlima na fimbo yake! Akamtazama mwanawe, macho mekundu.

"Bibi atanisamehe," akasema. "Namkunda, bandika maji!"

Weee! Mkeka ukaburutwa mpaka juani. Puu! Puu! Puu! Nakijwa akaupiga kwa mchi, viroboto wakaruka kama bisi. Namkunda akamwaga maji ya moto kwenye nyufa za sakafu, akafagia vumbi lote, akalitupa motoni. Tutaonana akaitwa, akaoshwa. Pilipili naye akaoshwa, akatukana matusi ambayo siwezi kuyasema mbele ya watoto. Viroboto wakajaribu: "Choma! Ru..." Wapi! Wimbo ukaishia hapo.

"Hodi!"

"Karibu, Mzee," Nakijwa akasema, jasho likimtiririka. Alikuwa ametandika majani mabichi ya mgomba. "Mkeka uko nje, unatolewa viroboto. Nimevunja mwiko. Kama ni kuinuka, inuka sasa, lakini mwanangu hana kosa."

Mzee Mrutu akatazama majani. Akatazama mkeka juani. Akaketi polepole, kama anayeketi juu ya miiba. Akangoja. Namkunda akaziba mdomo. Mzee akapapasa paja la kulia. Akapapasa la kushoto.

Hakuna kilichouma.

"Tumekuja," akasema, "kumwomba Namkunda awe mke wa Mbonea wetu."

"Kaombwa, kapatikana!" Nakijwa akajibu kwa pumzi moja, na Namkunda akapiga vigelegele kabla mtu hajamruhusu. Hata mbwa akabweka.

Lakini Mzee Mrutu hakucheka. Alikuwa ameinuka tayari, akitafuta fimbo yake, uso umemwiva.

"Mzee, mbona mbio tena? Umeumwa?"

"Siyo hapa!" akasema. "Mama Namkunda, mke wangu ana mkeka wa wageni, hajaukunjua tangu aliponizalia mtoto wa mwisho. Tunajikuna miaka yote hiyo, kila mmoja amejificha chumbani kwake, tukidhani ni siri ya nyumba yetu!"

Akateremka mlima akipiga kelele njia nzima, na kabla jua halijatua hapakuwa na ua mlimani usioanikwa mkeka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Haya, wewe wa nyuma, sasa jikune, halafu nenda nyumbani ukaseme mkeka uanikwe.